Kuunda upya pikipiki kuukuu kwa bajeti ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye pikipiki ya zamani, hamu kubwa na mfuko mwembamba. Msimamo wangu ni mmoja na utaukuta kila mahali hapa chini: pesa ianzie kwenye vitu vinavyokusimamisha na vinavyokubeba, yaani breki, tairi, beringi na cheni. Sura itafuata, na sehemu kubwa ya sura hainunuliwi. Inapatikana kwa kupunguza, kusafisha na kupanga vizuri kile ambacho tayari unacho.

Nianze na pikipiki ya aina gani?

Tafuta injini nyepesi kueleweka na vipuri vilivyojaa kila mahali. Mfano bora ni Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Vali zake hazizungushwi na cheni ya ndani kama pikipiki nyingi; husukumwa na fito. Honda waliiunda hivyo kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Baadaye viwanda vingi vya China viliiga muundo huo, na ndiyo maana hadi leo pistoni, ringi au sahani za klachi za injini ya namna hii hazikusumbui kuzipata wala hazikuvunji mfuko. Suzuki GN125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1982, nayo ni chaguo zuri. Ukitaka injini kubwa zaidi ya silinda moja, Yamaha SR500 ya mwaka 1978 inapendwa sana na waundaji, ila bei yake imepanda kwa sababu hiyohiyo.

Kuna jambo linalowaponza wengi. Nunua pikipiki iliyokamilika hata kama haiwaki, kabla ya ile inayowaka lakini imenyofolewa vitu. Injini iliyozima mara nyingi inadai plagi, petroli safi na kabureta iliyooshwa. Lakini pikipiki isiyo na kifuniko cha pembeni, isiyo na kishikizo cha tangi, isiyo na swichi ya kushoto, itakumaliza kidogokidogo. Kila kitu kidogo kina bei yake, na kila kimoja kinakusimamishia kazi wiki nzima.

Nitajuaje kama injini bado ina uhai?

Toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Kidole kikisukumwa kwa nguvu hadi hewa itoke ikipiga filimbi, kuna matumaini. Kama una kipimo cha mgandamizo, zungusha kishikio cha mafuta hadi mwisho kisha piga kiki mara tano au sita. Kwa injini ndogo ya mipigo minne, bari 10 na kuendelea ni afya njema. Chini ya 7 anza kuwa na wasiwasi. Hapo mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda imelika. Isipopanda, tatizo liko kwenye vali.

Halafu mulika tochi ndani ya tangi. Tazama rangi ya fremu pale shingoni, chini ya usukani: ufa wa chuma hujionyesha kwanza kama mstari mwembamba wa kutu uliopasua rangi. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole kushoto na kulia. Ukihisi umenasa kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Hizo ni rahisi kubadilisha, lakini zitumie kupunguziwa bei.

Na karatasi. Namba ya fremu na namba ya injini zilingane na hati, la sivyo ondoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Pesa yangu ni kidogo sana. Niigawe vipi?

Mimi hugawa hivi: ukishatoa bei ya pikipiki yenyewe, nusu ya kilichobaki iende kwenye breki, tairi, beringi, cheni na kebo. Robo iende kwenye sura. Robo ya mwisho ifiche usiiguse, maana kuna bolti itakatika ndani ya injini, kuna uzi wa nati utaliwa, na siku hiyo utashukuru.

Je, nibomoe pikipiki yote nianze upya?

Hapana. Kwanza iwashe na uiendeshe ikiwa vilevile ilivyo, hata wiki mbili tu. Utajua gia ipi inaruka, breki ipi inavuta upande, na waya upi unalegea barabarani. Ukibomoa kabla ya kuyajua hayo, siku ya kuunganisha hutajua kama kasoro ni ya zamani au umeileta wewe. Miradi mingi hufa ikiwa ndani ya makatoni, na karibu yote ilibomolewa kwa shauku ya siku moja.

Ukifika wakati wa kufungua, piga picha kila hatua. Kwa bolti za kifuniko cha injini, chukua kipande cha boksi, chora juu yake umbo la kifuniko kama unavyokiona, kisha toboa tundu pale bolti inapokaa na uichomeke hapohapo. Bolti hizo zinafanana vichwa lakini urefu hutofautiana. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, itafika mwisho wa tundu kabla ya kubana, wewe utaendelea kukaza, na utasikia mlio mdogo mkavu. Huo ni mlio wa alumini ikipasuka.

Skrubu za injini zimekataa kufunguka na vichwa vinaliwa. Nifanyeje?

Pikipiki za zamani za Japani zina skrubu za msalaba za kipimo cha Kijapani, JIS, ambazo hazilingani sawasawa na bisibisi ya kawaida ya msalaba. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini. Ukikaza mkono inapanda juu na kukwangua kichwa. Pata bisibisi moja ya JIS, na ikiwezekana ile ya kugonga kwa nyundo, inayojizungusha kila inapopigwa. Ni kati ya zana chache ninazosema usizibanie pesa.

Kabla ya kuzungusha, gonga kichwa cha skrubu mara kadhaa, nyundo ikiwa imenyooka. Mtikisiko huvunja kutu iliyoshikilia uzi. Weka oili ya kupenyeza na uache hadi kesho. Ikikataa, pasha moto alumini inayoizunguka, kwa sababu alumini hutanuka zaidi ya chuma na tundu hupanuka. Moto usikaribie kabureta wala tangi. Wakati wa kurudisha, kumbuka bolti ya milimita 6 inataka mkazo mdogo, kama nyutoni-mita 10 tu. Mkono uliozoea kufunga nati za gurudumu unaweza kuikata bila kuhisi.

Tangi langu limejaa kutu ndani. Ninunue jipya?

Usinunue kwanza. Tangi la asili ndilo uso wa pikipiki, na kutu ya ndani kwa kawaida inasafishika kwa vitu vya bei ya chini kabisa.

Toa koki ya petroli na kipimo cha mafuta, ziba matundu. Jaza tangi siki nyeupe hadi juu, si nusu, kwa sababu kutu mbaya zaidi iko kwenye dari ambako petroli haikuwa inafika. Acha saa 24, zaidi kama hali ni mbaya. Kama kuna magamba mazito, tia kabla ya siki kiganja cha nati ndogo au kipande cha cheni kilichofungwa waya, ili uweze kukivuta nje, kisha tikisa tangi pande zote. Hesabu nati unapoziingiza na uzihesabu zinapotoka.

Ukimwaga siki, osha haraka kwa maji yaliyochanganywa na bikaboneti ya soda ili kuua asidi, halafu maji safi mara mbili. Sasa una dakika chache tu. Chuma kilichovuliwa kutu kikibaki na maji kinageuka rangi ya chungwa ukikitazama. Kausha kwa hewa ya moto, kisha zungushia petroli iliyochanganywa na oili kidogo mpaka kuta zote zilowe. Funga kichujio kidogo kwenye mpira wa mafuta na ukikague kila siku kwa wiki ya kwanza.

Kama tangi linavuja, usimruhusu mtu yeyote kulichomelea eti kwa kuwa halina petroli. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kulisafisha na kuutoa mvuke wote kwanza.

Nikiweka filta ya wazi na bomba fupi, nitapata nguvu zaidi?

Utapata kelele zaidi. Nguvu ni habari nyingine.

Sanduku la filta la kiwandani halipo kwa bahati mbaya. Kabureta ilipimwa likiwa limefungwa, pamoja na upinzani wa bomba la moshi la asili. Ukiondoa vyote viwili, hewa inaongezeka na petroli inabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mkavu, na joto la chumba cha kuchomea linapanda. Mimi nilijifunza hili kwa kupoteza pistoni. Niliweka filta ya wazi jioni, nikaona injini inavuta vizuri, nikaiendesha mwendo mkubwa kwa muda mrefu. Ilipunguza nguvu taratibu, ikazima, na kiki ikawa ngumu kama imefungwa. Nilipofungua, ubavu wa pistoni ulikuwa umekwaruzika upande mmoja na alumini imepakaa kwenye ukuta wa silinda. Gharama ya kuchonga silinda na kununua pistoni ilimeza pesa yote niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya siti na rangi.

Kama bado unataka, badilisha jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) kwa moja kubwa zaidi, panda hatua kwa hatua, na usome plagi. Endesha kwa mwendo wa kazi, zima injini ghafla ukishika klachi, simama mahali salama, toa plagi. Kauri yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe ni kavu, ongeza jeti. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi, punguza. Na ujue kwamba kabureta ambayo kebo inavuta mlango wake moja kwa moja husamehe kuliko ile ambayo mlango wake hupandishwa na utupu. Hiyo ya pili hukasirika sana ukiiondolea sanduku lake. Kama pikipiki yako ina kabureta ya namna hiyo, ushauri wangu ni kuliacha sanduku, hata kama linaharibu ule uwazi unaoupenda chini ya siti.

Mtindo upi una gharama ndogo?

Ukitazama historia, mitindo mingi mikubwa ilikuzwa na watu wasio na pesa nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa Marekani walinunua pikipiki nzito na kukata madigadi ili zipungue uzito. Hapo ndipo boba ilipopata umaarufu. Uingereza, miaka ya 1950 na 1960, vijana walishusha usukani, wakarudisha nyuma vikanyagio na kukimbizana kutoka mgahawa mmoja hadi mwingine wakitafuta maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Ace Cafe ya London, iliyofunguliwa mwaka 1938, ndiyo maarufu kuliko yote, na kutoka kwenye migahawa ndiko pikipiki hizo zilikopata jina la kafe resa. Skrambla nayo ilikuwa pikipiki ya barabarani iliyovishwa tairi zenye vinundu na bomba la moshi lililopandishwa juu ili ipite mashambani.

Kwa hiyo usinunue mtindo, chagua ule ambao mifupa ya pikipiki yako tayari inaukaribia. Piga picha ya ubavu, kamera ikiwa usawa wa injini, ichapishe kwenye karatasi ukubwa wa ukurasa, weka karatasi nyepesi juu yake na uchore kwa penseli. Tafuta mstari mmoja unaotoka chini ya tangi hadi mwisho wa siti. Ukinyooka, sawasawa na ardhi, pikipiki inatulia machoni hata kabla ya rangi. Ukivunjika katikati, hakuna kipuri kitakachouficha. Chora kumi, utupe tisa. Penseli haina hasara.

Binafsi naamini skrambla ndiyo inayomfaa mwenye pesa kidogo na barabara mbaya, kwa sababu inabaki na siti ndefu, madigadi na usukani mpana. Kafe resa ni nzuri kuitazama, lakini mgongo wako utaongea baada ya nusu saa.

Ni lazima nikate fremu?

Si lazima, na mara nyingi hupaswi. Siti mpya inaweza kukaa juu ya fremu ya asili bila kukata hata sentimita moja. Mkia wa fremu ndio unaoshikilia abiria, madigadi, na kwenye pikipiki nyingi shokapu za nyuma zimefungwa karibu nao sana.

Ukiamua kukata, fanya jaribio hili kwanza. Tegemeza pikipiki kwa stendi imara, toa shokapu zote mbili za nyuma, kisha inua gurudumu kwa mkono hadi pale shokapu zingefika zikibanwa mwisho. Pima nafasi kati ya tairi na mahali ambapo chini ya siti patakuwa. Acha angalau vidole vitatu. Wengi hupima pikipiki ikiwa imesimama, wanaona nafasi kubwa, na shimo la kwanza la barabarani linaipeleka tairi ndani ya siti.

Usiwahi kukata mbele ya mahali shokapu zinapofungwa. Bomba jipya la kuzunguka mkia liwe na kipenyo na unene sawa na la asili, na ndani ya kila kiungo iingizwe kipande cha bomba chembamba kinachobana, urefu wa sentimita tano hivi kila upande, kabla ya kuchomelea. Usitumie bomba la maji lililopakwa zinki: moshi wake ni sumu, na kiungo hakitoki kizuri. Kabla ya kuchomelea toa betri, chomoa CDI (kisanduku kinachowasha plagi) na rektifaya (kinachogeuza umeme wa kuchaji betri), na ondoa tangi kabisa lipelekwe mbali. Mchomeleaji awe fundi wa kweli. Hii si kazi ya kujifunzia.

Siti naweza kutengeneza mwenyewe?

Hapa ndipo furaha ilipo, na ndipo pesa kidogo huonekana kama pesa nyingi.

Tengeneza bamba la chini kwa plaiwudi ngumu ya milimita 6, au bati la chuma lililokunjwa kingo. Lilaze juu ya fremu, chora kwa chini, kata, jaribu tena. Weka vipande vya mpira mnene kati ya bamba na fremu ili lisigonge. Sponji iwe ya tabaka mbili: sentimita tatu za sponji ngumu chini, sentimita mbili za laini juu. Usitumie sponji ya godoro peke yake. Ukiikalia inabonyea hadi kwenye mbao, na baada ya kilomita ishirini utakuwa umekalia plaiwudi. Gundi tabaka, acha usiku mzima, kisha chonga umbo kwa blade ya msumeno wa chuma na umalizie kwa msasa mkali. Sponji inachongeka vizuri ajabu ukiisugua polepole bila kuikandamiza.

Ngozi ya bandia iache juani kwanza ilainike. Anza kupiga pini katikati ya mbele, vuta nyuma, pini katikati ya nyuma, kisha kushoto, kisha kulia, ukibadilishana, kona ziwe za mwisho. Mikunjo ikijitokeza, toa pini na uvute upya. Usijaribu kuificha kwa pini zaidi.

Nikibadilisha usukani, kuna la kuangalia?

Urefu wa kebo na waya. Fungia kila kitu, washa injini pikipiki ikiwa imesimama bila gia, zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mngurumo ukipanda, kebo ya mafuta inavutwa, na siku utakayokunja kona itakukimbiza. Hakikisha pia ngumi zako hazigongi tangi. Kebo ikiwa ndefu mno kwa usukani mfupi, usiikunje kwa nguvu, inanasa ndani.

Umeme unanitisha. Je, nitoe waya zote niweke mpya?

Usitoe kwa sababu tu zinaonekana kama kiota. Chora kwanza mchoro wako kwa mkono: betri, fyuzi, swichi ya ufunguo, kisha kila taa na rangi ya waya wake. Ukishachora utagundua kwamba pikipiki ndogo ina njia chache sana. Matatizo mengi ni ya waya wa ardhi: sugua pale unapoungana na fremu mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, pakaa grisi.

Balbu ya wati 35 kwenye umeme wa volti 12 inavuta kama ampea 3. Taa za LED hupunguza mzigo huo sana, na kwa alteneta dhaifu ya pikipiki ya zamani hiyo ni nafuu kubwa. Lakini pima kwanza. Pikipiki nyingi ndogo za zamani hulisha taa ya mbele kwa umeme wa mkondo geu moja kwa moja kutoka kwenye koili, si kwenye betri. Taa ya LED isiyotengenezwa kwa umeme huo itamemeteka au itaungua. Pikipiki nyingine za zamani ni za volti 6 tu. Na indiketa za LED zikipepesa kwa kasi kama zina kichaa, si mbovu. Flasha ya zamani, yaani kifaa kinachopepesa indiketa, inahesabu mzigo na imeona mdogo. Nunua flasha ya kielektroniki.

Maungio ya waya yachomwe kwa risasi au yabanwe kwa viunganishi, kisha yavikwe mpira unaojikaza kwa joto. Tepu ya umeme ikipata joto la injini hulegea na kuacha gundi inayokusanya vumbi.

Rangi ya makopo ya kupuliza inatosha?

Inatosha ukiwa na subira. Osha grisi yote kwanza, sugua kwa msasa namba 240, piga praima, ikikauka sugua kwa namba 400 ukitumia maji, kisha rangi. Shika kopo sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye tangi, anza kupuliza kabla hujafika ukingoni na umalizie nje ya ukingo. Tabaka la kwanza liwe jepesi kama ukungu, hata uone praima kwa chini. La pili baada ya dakika kumi na tano, la tatu vivyo hivyo. Michirizi yote hutokana na kutaka kumaliza kwa tabaka moja.

Tatizo ni petroli. Rangi ya kopo la kawaida huyeyuka ikimwagikiwa wakati wa kujaza mafuta. Kinga ya kweli ni klia (rangi angavu ya juu) ya sehemu mbili, ile unayobonyeza kitako cha kopo ili kigumishi kichanganyike. Ina isosayanati, kemikali inayoumiza mapafu vibaya. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, glavu na miwani, fanya kazi mahali pa wazi, na wengine wakae mbali.

Lakini nikuombe jambo. Kama tangi lako bado lina rangi ya kiwandani, hata imefifia na kuchubuka magotini, lisugue kwanza kwa dawa ya kung'arishia upande mmoja, kisha ulitazame kwa siku mbili. Rangi iliyochubuliwa na magoti ya miaka thelathini haiwezi kutengenezwa na mtu, na haikugharimu chochote.

Tairi za zamani bado zina michirizi. Nizibakize, na breki je?

Michirizi peke yake haitoshi. Tafuta ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mkongwe hukauka na kuteleza kwenye maji hata kama haujatumika. Ukiona nyufa ndogondogo kati ya michirizi, tairi imekwisha.

Kwa breki za ngoma, soma kipenyo cha juu kabisa kilichoandikwa ndani ya ngoma yenyewe, kisha upime kama ngoma haijakipita. Nyenzo kwenye brekishuu ikibaki chini ya milimita 2, badilisha. Bonyeza breki na utazame mkono mdogo unaovutwa na kebo au fito: pembe kati yao ikizidi nyuzi 90 ukiwa umebonyeza, unapoteza nguvu, na kukaza nati zaidi hakutasaidia. Brekishuu za zamani huenda zina asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitupe.

Naweza kutoa madigadi ya mbele?

Naomba usitoe. Kwenye pikipiki nyingi za zamani, chuma chake ndicho kinachoshikanisha miguu miwili ya shokapu za mbele isijipinde kila mguu kivyake. Pia inazuia mawe kwenye mapezi ya injini na matope machoni. Ifupishe ukipenda, lakini kishikizo kibaki.

Kubadilisha sproketi kuna faida?

Ndiyo, na ni mabadiliko ya bei ndogo yanayohisika kuliko yote. Kama una meno 15 mbele na 41 nyuma, ukiweka 14 mbele utapata karibu sawa na mtu aliyeweka 44 nyuma: pikipiki inaondoka kwa nguvu zaidi na kupanda mlima vizuri, lakini kasi ya juu inapungua na injini inanguruma zaidi. Cheni ikiwa imelika, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja.

Kile kitambaa cha kufunga kwenye bomba la moshi?

Sikipendi. Kinashika unyevu, na bomba linaoza ndani yake bila wewe kuona.

Kazi zipi nimwachie fundi?

Kuchomelea fremu, kuchonga silinda, kunyoosha spoki, na kutoa bolti iliyokatikia ndani ya kichwa cha injini. Mengine yote jifunze. Mpelekee fundi kipande kilichofunguliwa na kusafishwa badala ya pikipiki nzima. Unalipa kazi, si muda wa kufungua.

Na sheria?

Uliza mamlaka ya usajili kabla ya kukata, si baada. Kila nchi ina lake kuhusu taa, vioo, kelele, rangi iliyoandikwa kwenye hati na ukubwa wa injini. Namba ya fremu usiisugue wala kuipaka rangi nzito. Ukiwa na shaka, ifunike kwa tepu kabla ya kupuliza.

Nimemaliza. Safari ya kwanza niifanyeje?

Iwe fupi, mchana, barabara kavu, na spana mfukoni. Kabla ya kutoka, chora mstari mmoja mwembamba wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati na kuendelea hadi kwenye chuma kinachoishikilia: ekseli zote mbili, vishikizo vya injini, sproketi ya nyuma, bolti za usukani, shokapu. Jaribu breki mara tatu ukienda mwendo wa kutembea. Endesha kilomita tano, simama, zunguka pikipiki ukipapasa: hapa joto la kawaida, pale joto lisilo la kawaida, hapa oili. Kitovu cha gurudumu kikiwa cha moto kuliko mwenzake, breki inabana.

Baada ya kilomita 50, kaa chini kando yake na tochi uipitie mistari yako yote. Pale mstari ulipokatika, nati imezunguka. Kaza, futa rangi ya zamani, chora mstari mpya.